Maji ya Kushika Kivuli

Mkunya. Jumanne, 8 Septemba 1908

Daftari jipya. La zamani limeliwa na mchwa, pamoja na maazimio yote mema niliyoyaandika humo. Hasara si kubwa.

Leo nimeanza tena kazi ya picha. Kimyakimya. Mimi ni mtu wa Masasi, nimeoa huku juu kwa Wamakonde, naishi ukweni kama desturi yao inavyotaka. Kwa hiyo nyumba si yangu, shamba si langu, mitungi ya maji si yangu. Hata binti yetu Julia, ana miezi saba tu, hunitazama kama mgeni aliyechelewa kuaga. Changu ni kitu kimoja: sanduku la picha.

Ni langu. Mzungu niliyembebea mizigo mwaka juzi alilisahau kambini, pamoja na bahasha nyeusi yenye karatasi za picha na kopo la chumvi yake nyeupe. Sikuiba. Alisahau, nami sikumkumbusha. Alipotuma watu kuulizia, nilikuwa nimekwenda haja. Nilikaa huko siku mbili.

Jicho la sanduku limepasuka. Mwaka jana nilimkalisha mama mkwe mbele yake, kajipaka mafuta, kavaa shanga zote na ndonya mpya mdomoni. Kikatoka kitu kama gunia la muhogo lililonyeshewa. Mama mkwe aliitazama picha ile muda mrefu. Akasema afadhali binti yake angeolewa na gunia lenyewe. Tangu siku hiyo nimekatazwa.

Lakini nimegundua jambo! Sanduku halihitajiki! Juzi nilisahau karatasi moja uani, jani la muhogo likaiangukia. Jua likaichoma karatasi yote ikawa rangi ya kahawia, isipokuwa pale penye jani. Kivuli chake kikabaki cheupe, na mishipa yake yote. Nikajaribu manyoya ya kuku. Nikajaribu majivu, masizi ya chungu, nta ya nyuki, udongo mwekundu, utomvu wa mpira. Kila kitu kinaacha neno lake. Ukiichovya karatasi kwenye maji ya ile chumvi ya Mzungu, kivuli kinashika, hakiondoki tena. Usipoichovya, jua linaimeza yote ikawa nyeusi.

Hii si picha ya mtu. Si picha ya mti. Ni picha ya... bado natafuta jina.

Nilimwonyesha jirani yetu Bwanali, msusi wa mikeka. Akauliza ni picha ya nini. Nikamwambia si ya kitu. Akaigeuza juu chini. Akasema juzi mbuzi wake alitapika kitu kama hicho hicho, na wala hakusomea misheni. Mkewe Mwanakombo alimwambia aache maneno, lakini alikuwa anacheka naye.

Nitamsamehe. Si leo.

Mpango: mwisho wa mwezi Bwana Mkubwa wa Kijerumani anatoka Lindi kuja kukagua boma la Newala. Akida anatafuta kitu cha kumwonyesha. Nitampelekea picha moja kubwa, karatasi nne zilizounganishwa. Nitaandikwa fundi wa picha wa boma. Nitavaa viatu. Mama mkwe atakuwa wa kwanza kunisalimia.


Jumatano, 9 Septemba

Tatizo ni maji.

Huku juu hakuna mto wala kisima. Wanawake wanaamka alfajiri, wanashuka bondeni, wanarudi na mtungi kichwani jua likiwa juu. Tone moja lina jasho la mtu. Na picha inataka kuoshwa, kisha ichovywe kwenye chumvi, kisha ioshwe tena na tena.

Nilikadiria mtungi mmoja. Ikawa mitatu. Yaani yote.

Picha yenyewe haikutoka. Ilifanana na ugoro.

Mke wangu Emilia na mama yake wakarudi kutoka shamba na kiu. Mama mkwe akachungulia mtungi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akauliza. Hatutazamani usoni, ni heshima ya ukwe, hivyo aliniuliza kupitia mlango. Nikasema mbuzi wa Bwanali kaingia akaiangusha. Mitungi mitatu? Nikasema ni mbuzi mkubwa. Na ardhi mbona kavu? Nikasema jua.

Hapo nilidhani yamekwisha. Mama mkwe akaenda moja kwa moja kwa Bwanali.

Bwanali akaja. Nilijiandaa kugombana, hata nilikuwa na maneno mawili matatu mazuri. Hakugomba. Emilia alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaomba radhi. Akasema mnyama hana akili, kosa ni la mwenye kamba. Nyuma yake Mwanakombo alikuwa amebeba mtungi wao wenyewe, umejaa. Wakatumiminia maji yao. Kisha Bwanali akanigeukia mimi akanipa pole.

Nikaipokea.

Sasa mbuzi kafungwa kwenye mti na analia. Analia kama anayejua ninachoandika.

Vyungu vyangu viwili na kopo la chumvi nimevihamishia nyuma ya banda la Bwanali la kusukia mikeka. Jua ni zuri pale, na mama mkwe hapiti. Sikumwomba ruhusa. Baada ya habari ya mbuzi niliona haya.


Ijumaa, 11 Septemba

Imetoka!

Nilipaka utomvu wa mpira kwenye karatasi kwa kidole, bila mpango, nikanyunyiza majivu, nikapanga juu yake vipande vya ukili nilivyookota chini ya banda. Jua likafanya lake mpaka saa sita. Nilipoichovya na kuiosha (maji niliyapata, sitaki kuandika wapi), utomvu ukabanduka na ngozi ya karatasi. Zikabaki nyufa nyeupe huku na huku, na kati ya nyufa rangi ya kutu. Nikakasirika. Nilitaka kuitupa.

Mwanakombo akatokea nyuma ya banda kuchukua ukili. Akaiona juu ya jiwe ikikauka. Akasimama.

Hakucheka.

Akauliza nani kanihadithia. Nikasema kuhadithiwa nini? Akasema, "Hiyo ni ardhi ya mwaka ule. Baada ya vita. Tulichimba mizizi ya ming'oko mpaka mikono ikatoka damu, na chini mlikuwa hivyo hivyo. Hamna kitu."

Akagusa ufa mmoja kwa kidole, taratibu, kama anayegusa kidonda cha mtu. Akasema mwaka ule walimzika binti yao Pili. Bwanali alilichimba kaburi peke yake maana wanaume wengine hawakuwa na nguvu. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kaniki, akachukua ukili wake, akaondoka.

Nimeishi jirani nao miaka miwili. Sikujua kama walikuwa na binti.

Ningesema pole. Neno lenyewe ni fupi. Badala yake nilimwita, akageuka, nikamwuliza kama anadhani Akida ataipenda.

Aliendelea na njia yake.

Nimeona haya tangu adhuhuri mpaka sasa. Lakini picha ni nzuri mno!


Jumamosi, 12 Septemba

Newala, sokoni. Nilikwenda kutengeneza jina kabla ya kwenda kwa Akida. Mtu hafiki bomani kama mwiko uliodondoka jikoni, lazima habari zake zimtangulie.

Nilisimama kwa wauza tumbaku. Nikawaeleza kuwa kule Mkunya kuna fundi, sikutaja ni nani ila nilijigusa kifua, mwenye maji ya ajabu. Maji hayo yakichanganywa na dawa nyeupe yanakamata kivuli cha mtu, hakimtoki tena. Jua haliwezi kitu. Nikasema Wajerumani wenyewe watashangaa.

Mzee mmoja akafunga tumbaku yake akaondoka. Mwingine akauliza, kwa sauti ya chini, maji hayo yanatolewa kwa watu? Nikasema bado, lakini yatatolewa, na watu wengi watayafuata.

Watu wakanipisha njia mpaka mwisho wa soko. Sijapata kuheshimiwa hivyo tangu nizaliwe. Hata nilipokuwa nasomea ualimu Masasi, kabla walimu hawajanirudisha nyumbani kwa sababu ambazo sina haja ya kuzieleza hapa, sikupata kupishwa njia.


Jumapili, 13 Septemba

Kanisani. Somo lilikuwa la maji yaliyogeuzwa divai. Nilijisikia kama nimetajwa kwa jina.


Jumatatu, 14 Septemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa tatu asubuhi walikuja askari watatu wa Akida, mbele yao Husseni, mrefu, mwenye kovu shavuni. Nilidhani wamekuja kuniita bomani kwa heshima. Nilikwenda ndani kuvaa kanzu safi. Nilipotoka nikamsikia Husseni akiwauliza watu wapi anakaa mganga wa maji.

Mganga wa maji!

Hapo ndipo soko lote la Jumamosi lilinirudia kichwani, neno kwa neno. Maji. Dawa. Watu watayafuata. Miaka mitatu tu tangu vita vya Maji Maji, hapa hapa ambapo watu walinyongwa kwa kibuyu kimoja, nami nimesimama sokoni nikatangaza maji.

Wakavikuta vyungu nyuma ya banda. Na kopo. Husseni akachovya kidole, akanusa, akatema mate. Akatugeukia sote tuliokuwa tumesimama. "Hivi ni vya nani?"

Sikusema jina la mtu. Nataka hili lijulikane. Sikusema jina. Nilitazama banda, basi. Labda na kidole kilinyooka kidogo.

Bwanali alikuwa anasuka, miguu kaikunjua, hajui kinachoendelea. Wakamwinua. Akasema vyungu si vyake. Husseni akamwuliza, banda je? Akasema banda ni lake. Wakamfunga mikono kwa kamba ya katani. Ndipo akanitafuta kwa macho, akanipata.

"Baba Julia," akasema. "Waambie."

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayemwomba jirani amshikie ngazi.

Nikakohoa.

Ndicho nilichofanya. Nilikohoa, nikaziba mdomo kwa mkono, nikainama nikiendelea kukohoa mpaka niliposikia miguu yao imefika barabarani. Mwanakombo akawafuata akilia, kichwa wazi, hakukumbuka hata kujitanda.

Chakula cha mchana sikula. Cha jioni nilikula kidogo.


Jumanne, 15 Septemba

Nimeshinda ndani. Nimemwambia Emilia nina homa. Ameniwekea mkono kwenye paji la uso akasema ni baridi kama jiwe. Nikasema ndiyo homa mbaya hizo.

Nilikuwa na mpango. Ningemwandikia Akida barua bila jina, kwa mkono wa kushoto, nieleze kwamba mtu fulani asiye Bwanali, mtu mwema kwa ujumla, alisahau vyungu vyake pale. Niliandika mistari mitatu. Mkono wa kushoto haujui Kiswahili.

Mchana Emilia akaingia na Julia mgongoni. Akaketi. Akatoa kwenye upindo wa nguo yake karatasi moja, ile iliyofanana na ugoro.

Akaniambia ameikuta chini ya mkeka wa kulalia. Akaniuliza ni maji gani yaliyoiosha. Nikasema ya mvua. Mvua, mwezi wa tisa! Hata mimi nilijionea haya.

Akasema, "Baba Julia, mimi nilishuka bondeni na mtoto mgongoni. Nikapanda na mtungi kichwani. Mbuzi hakumwaga kitu, siyo?"

Nikasema hapana.

"Na vyungu?"

Alikuwa anajua. Alilia, lakini si kwa sauti. Kilichonichoma ni kwamba hakunitukana. Emilia akitukana kuna njia ya kujitetea.

Kisha sauti ikatoka nje ya mlango. Mama mkwe. Alikuwa amesimama pale muda wote. Nilisikia ndonya yake ikigonga meno, ko, ko, kama anavyofanya akiwa na hasira. Alisema maneno kwa Kimakonde, polepole ili nisikose hata moja. Kwamba hii ni nyumba ya mama zake. Kwamba mwanamume huja hapa na jembe lake na huondoka nalo. Kwamba kesho niende bomani, na nikirudi bila Bwanali, jembe langu nitalikuta barabarani.

Nina jembe? Nimekumbuka sina. Hilo pia lilinitia haya.


Jumatano, 16 Septemba

Nilikwenda. Naandika nikiwa nimelala ubavu, kwa sababu zitakazoonekana.

Njia nzima nilipanga maneno. Niliichukua picha ile nzuri kama ushahidi, na kibuyu cha maji ya chumvi yaliyobaki, na karatasi kadhaa. Mlangoni mwa boma nikamkuta Mwanakombo ameketi mavumbini na kikapu cha muhogo wa kuchemsha. Siku mbili yuko pale. Nilimwamkia. Alitazama kando.

Akida ni mtu wa pwani, kanzu nyeupe, sauti ndogo. Wakamleta Bwanali. Walikuwa wamempiga. Alitembea kama aliyebeba kitu mgongoni asichotaka kimwagike. Viboko vingapi, sitaandika.

Kumi na tano.

Nikakiri. Nilidhani nitakiri vizuri, lakini maneno niliyopanga yalikimbia, nikabaki nasema mimi, mimi, ni mimi, kama mbuzi. Nikasema ni maji ya picha. Nikasema ni chumvi tu na maji tu.

Akida akasema, "Mwaka ule kila mtu aliniambia ni maji tu."

Nikamwonyesha picha. Akaitazama. Akaiweka mbali, akaileta karibu. Akauliza ni picha ya nini.

Ee Mungu wangu. Siku zote hizi nimelisubiri swali hilo kutoka kwa mtu mkubwa! Nikasema, "Si ya kitu, Bwana Akida."

Akasema anayepiga picha ya kitu kisichokuwapo ni mchawi, na sasa ana wachawi wawili badala ya mmoja. Nikamwona Bwanali anafumba macho. Nikapiga magoti, nikasema nitaonyesha, nipewe jua tu. Nikamwomba Akida aweke kiganja chake juu ya karatasi uani. Akakubali, nafikiri kwa kutaka kuona mwisho wangu. Alikaa kwenye jua kali, jasho likimtiririka, askari wamezunguka. Alipoinua mkono, ule pale! Kiganja cheupe, vidole vitano, hata pete! Akida akatabasamu. Askari wakasema aa!

Nilipaswa kuichovya karatasi papo hapo. Lakini nilianza kuwaeleza. Niliwaeleza habari ya mwanga, na ya utomvu, na namna nilivyogundua jani la muhogo. Nilipotazama chini, mkono wa Akida ulikuwa unamezwa na giza. Ukawa wa kahawia, ukawa kama ini, kisha vidole vikapotea kimoja kimoja mbele ya macho yake.

Akida akaufunika mkono wake wa kweli ndani ya kanzu. Akasema kwa ile sauti ndogo kwamba tufungwe wote.

Ni Husseni aliyetuokoa. Sijui kwa huruma au kwa kutaka kucheka. Alisema, "Bwana Akida, kama ni maji tu, si ayanywe?"

Kibuyu kikaletwa. Chumvi ile ya Mzungu sikuwahi kuionja. Ina ladha ya msumari na yai bovu. Nilitazama upande wa Bwanali, nikanywa nusu. Akida akasema yote. Nikanywa yote.

Tukangoja. Akida akaniuliza kama nasikia nguvu za vita. Nikasema hapana. Akaniuliza nasikia nini. Sikuwa na nafasi ya kumjibu. Nilikimbia na kanzu yangu safi kuelekea kwenye vichaka nyuma ya boma. Sikufika mbali.

Kicheko kile nitakisikia mpaka kaburini. Askari walilala chini. Akida mwenyewe alishika nguzo. Alipopata pumzi alisema dawa hii haiwezi kumpeleka mtu vitani, inampeleka kichakani tu, na hakuna mpiganaji duniani ambaye angeinywa mara ya pili. Akaamuru Bwanali afunguliwe. Husseni akaitundika kamba kwenye msumari, bado anafuta machozi ya kucheka. Picha yangu nzuri waliiacha chini. Mwanakombo aliiokota, akaikunja, akaitia kifuani. Sikuthubutu kuidai.

Tukaanza kurudi Mkunya. Wao mbele, mimi nyuma. Nililazimika kuingia porini kila hatua mia, na kila nilipotoka, niliwakuta wamesimama njiani. Mtu mwenye mgongo ule. Alinisubiri kila mara.

Nisingekuwa na haya kiasi hiki kama angenipiga.


Alhamisi, 17 Septemba

Uji mwembamba. Sanduku nimelizika nyuma ya choo, na karatasi zilizobaki ndani yake. Nimeapa mbele ya Emilia, mkono juu ya Kitabu, kwamba sitapiga picha tena. Kijiji kizima kinaniita Bwana Kichaka. Hata Julia amecheka, nadhani kwa mara ya kwanza.

Naanza maisha mapya.


Jumapili, 20 Septemba

Leo nimekwenda kuomba radhi. Mama mkwe alichagua kuku mwenyewe, jogoo wake mwekundu, akamweka mlangoni. Emilia alinifundisha cha kusema: kwamba nilisema uongo juu ya mbuzi, kwamba nilinyoosha kidole, kwamba nilikohoa. Kila kitu kwa jina lake. Nilikariri.

Bwanali alikuwa ameketi mbele ya nyumba kwenye kigoda, hawezi kuegemea. Mwanakombo alikuwa anatwanga. Nilipiga magoti mchangani. Nikasema shikamoo. Bwanali akaitikia marahaba. Nikasema yote niliyofundishwa, na nilipofika kwenye kukohoa sauti ilikatika kweli, nikalia. Si machozi ya kuigiza. Nilikumbuka jinsi alivyosema waambie.

Bwanali akasema, "Nimesikia, Baba Julia. Nilikwisha kusamehe siku ile njiani, vichaka vilikuwa vingi, nikapata nafasi ya kufikiri. Ila kwa siku hizi usije karibu sana. Mgongo haujasamehe bado."

Hata Mwanakombo aliacha kutwanga. Nilihisi kifua kimefunguka. Bwanali akanyoosha mikono kumpokea jogoo.

Nikaviona viganja. Yaani juu ya viganja, pale kamba ilipofungwa. Ngozi imekauka, na alama imebaki nyuzi kwa nyuzi, imesokotwa, inazunguka kifundo mara mbili, nyekundu kwa ndani, nyeusi pembeni. Sijapata kuona mstari kama ule. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kuuchora. Machozi yakakauka yenyewe.

Nikafikiri: masizi kidogo, nta ya joto, si ya kuunguza. Karatasi ikandamizwe pale, polepole, kisha jua la saa nne. Si ya kitu! Wala si ya mtu! Kamba isiyokuwapo!

Nilimwuliza kwa adabu. Nilimwambia sihitaji mtu mzima, ni mkono mmoja tu, mpaka adhuhuri.

Bwanali alinitazama sana. Hakukasirika, alitikisa kichwa tu, kama mtu anayetazama mvua ikinyesha juu ya uwanja wa jirani. Mwanakombo ndiye aliyekuja, na mchi. Niliondoka kwa heshima, kwa kasi ya wastani, kisha kwa kasi.

Emilia ameniuliza kama wamenisamehe. Nimesema ndiyo, tena kabla sijafika. Ni kweli.

Nimefikiri jioni nzima na kwa kweli mkono hauhitajiki. Lilikuwa ombi la haraka, naliona sasa, naona na haya. Kamba yenyewe inatosha. Ina damu kidogo, na damu sijaijaribu bado pamoja na majivu. Karatasi zimebaki tano, udongo wa nyuma ya choo ni laini, na kiapo kilihusu sanduku hasa.

Kamba iko bomani, kwenye msumari. Kesho asubuhi nakwenda kumwomba Husseni aniazime. Nitamweleza vizuri, tangu mwanzo. Anaonekana mtu mwelevu.